Kaunti Iliyofunga Shule Zake

Ukitoka Richmond, mji mkuu wa jimbo la Virginia, ukashika barabara ya kusini-magharibi kwa kama kilomita 100, unafika Farmville, mji mdogo uliokuzwa na biashara ya tumbaku. Wageni wengi huja huku kwa ajili ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Aprili 1865 Jenerali Robert E. Lee alipita hapa na jeshi lililochoka, akifukuzwa na majeshi ya Kaskazini. Siku mbili baadaye, huko Appomattox, akasalimu amri, na vita vya kuulinda utumwa vikafika ukingoni. Vibao vya historia vimesimama kando ya barabara kueleza kikosi gani kilipita wapi.

Njia niliyokuja kuifuata mimi ni nyingine. Inaanzia kwenye jengo la matofali lisilo na ghorofa, upande wa kusini wa mji, na inaishia ndani ya katiba. Waliotangulia kuikanyaga walikuwa wanafunzi, na waliolipia gharama yake walikuwa watoto wadogo kuliko hao.

Jengo hilo ni Shule ya Sekondari ya Robert Russa Moton, iliyofunguliwa mwaka 1939 kwa ajili ya vijana Weusi wa Kaunti ya Prince Edward. Moton mwenyewe alikulia katika kaunti hii, kisha akamrithi Booker T. Washington katika uongozi wa chuo cha Tuskegee. Shule iliyopewa jina lake ilikusudiwa wanafunzi 180. Kufikia mwaka 1951 walikuwa zaidi ya 450. Haikuwa na bwalo la chakula, wala ukumbi wa michezo, wala chumba cha kumlaza mwanafunzi aliyeugua. Wazazi walikwenda mbele ya bodi ya shule mara nyingi kuomba jengo jipya, wakarudi na ahadi. Mwaka 1948 bodi iliwasimamishia uani mabanda ya mbao yaliyofunikwa kwa karatasi ya lami. Mvua ikinyesha, mapaa yalivuja na wanafunzi wakafungua miavuli darasani. Wakati wa baridi aliyeketi karibu na jiko aliungua, na wa mbali hakuthubutu kuvua koti. Shule ya Wazungu, katika mji huohuo na chini ya bodi hiyohiyo, ilikuwa na yote ambayo Moton haikuwa nayo.

Sheria iliruhusu utengano huo. Tangu mwaka 1896, katika kesi ya Plessy dhidi ya Ferguson, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imekubali kwamba serikali yaweza kuwatenga watu kwa rangi mradi kila upande upewe huduma zilizo sawa. Nusu ya kwanza ya kanuni hiyo, ile ya kutenga, ilitekelezwa kwa bidii kote Kusini. Ile ya usawa haikutafutwa na mtu.

Barbara Johns alikuwa na miaka 16. Siku moja alikosa basi la shule, akabaki kando ya barabara akingoja msaada, na basi la wanafunzi Wazungu likampita likiwa na viti vitupu. Kabla ya hapo alikuwa amemlalamikia mwalimu wake wa muziki kuhusu hali ya shule, na mwalimu akamuuliza kwa nini hafanyi jambo. Swali hilo lilimkaa moyoni. Miezi ikapita, naye akawa anawakusanya wenzake mmojammoja, viongozi wa wanafunzi waliojulikana kwa kutunza siri, wakikutana uwanjani ambako hakuna sikio la mtu mzima. Wazazi hawakuambiwa. Walimu hawakuambiwa, kwa sababu mwalimu aliyejua angefukuzwa kazi.

Tarehe 23 Aprili 1951 mtu alipiga simu shuleni kusema kwamba wanafunzi wa Moton wako matatani kwenye kituo cha mabasi. Mwalimu mkuu, Boyd Jones, akatoka mbio kwenda kuwatafuta. Mara tu alipoondoka, madarasa yote yakaletewa vikaratasi vya kuita mkutano ukumbini. Pazia la jukwaa lilipofunguka, badala ya mwalimu mkuu alisimama Barbara. Aliwaomba walimu watoke. Kisha akavua kiatu, akakigonga ili wamsikilize, akawaeleza wenzake wanachokijua tayari: kwamba wanasomea mahali pasipofaa, kwamba wazee wameomba wakachoka, kwamba wakitoka wote kwa pamoja hakuna jela ya kaunti itakayowatosha. Wakatoka wote.

Ukumbi huo upo hadi leo. Shule imekuwa makumbusho, iliyofunguliwa rasmi mwaka 2001, mgomo ulipotimiza miaka hamsini. Kinachonigusa pale ni udogo wa ukumbi. Vijana zaidi ya 400 waliobanana humo walisikia kila neno bila kipaza sauti, na kila mmoja aliwaona wenzake wakisimama. Nadhani ujasiri wa siku ile ulisaidiwa na hilo, kwamba hakuna aliyepata nafasi ya kuamini kuwa yuko peke yake.

Mgomo ulidumu wiki mbili. Siku ile ya kwanza wanafunzi waliwaandikia mawakili wa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani Weusi, mjini Richmond, Oliver Hill na Spottswood Robinson, kuomba msaada. Mawakili walikuwa na safari ya kwenda upande mwingine wa jimbo kwa kesi nyingine, wakakubali kupitia Farmville tarehe 25. Nia yao ilikuwa kuwashauri watoto warudi darasani. Walikutana katika kanisa la First Baptist, kwa Mchungaji L. Francis Griffin, na baada ya kuwasikiliza wanafunzi wakabadilisha nia. Lakini waliweka sharti. Hawatakwenda mahakamani kudai jengo jipya. Wakienda, watadai kwamba utengano wenyewe ni kinyume cha Katiba, na wazazi lazima wakubali kuweka majina yao.

Sharti hilo lataka kupimwa kwa uzito wake. Wanafunzi walitaka shule yenye paa lisilovuja. Sasa waliambiwa wadai jambo ambalo wengi wao hawakulitaja walipotoka ukumbini, na wadai kwa jina kamili, katika kaunti ambako mkulima Mweusi alikopa mbegu na mbolea kwa mfanyabiashara Mzungu na kulipa baada ya mavuno. Jina kwenye hati ya mashtaka liliweza kumaliza mkopo. Wazazi walikutana kanisani tarehe 3 Mei, wakabishana, wengine wakapinga, na mwisho wengi wakakubali. Tarehe 23 Mei 1951 kesi ikafunguliwa kwa niaba ya wanafunzi 117. Jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa la Dorothy Davis, binti wa miaka 14, na kwa hiyo kesi ikaitwa Davis dhidi ya Bodi ya Shule ya Kaunti ya Prince Edward.

Malipo ya ujasiri yalikuja upesi. Msalaba ulichomwa moto kwenye uwanja wa shule. Boyd Jones alipoteza kazi, ingawa hakuwa amejua lolote siku ile. Wazazi wa Barbara waliogopa kwa ajili ya maisha yake, wakampeleka Montgomery, Alabama, kwa ndugu wa baba yake, Mchungaji Vernon Johns, mhubiri mkali ambaye miaka michache baadaye aliachia mimbari yake na ikachukuliwa na kijana aitwaye Martin Luther King. Barbara alimaliza sekondari huko, akaolewa, akawa mkutubi Philadelphia, akafariki mwaka 1991 bila kutafuta sifa. Desemba 2020 jimbo la Virginia liliondoa sanamu ya Jenerali Lee katika jengo la Bunge la Marekani mjini Washington, na tume iliyopewa kazi ya kuchagua mbadala ikamchagua yeye.

Kesi ilisikilizwa Richmond, Februari 1952, mbele ya jopo la majaji watatu wa mahakama ya shirikisho. Jimbo lilitetewa na mwanasheria mkuu wake, J. Lindsay Almond, jina ambalo tutakutana nalo tena. Upande wa wanafunzi ulimleta mwanasaikolojia Kenneth Clark, aliyeeleza jinsi utengano unavyomfundisha mtoto kujidharau. Upande wa jimbo ulimleta Henry Garrett wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliyekuwa msimamizi wa masomo ya udaktari ya Mamie Clark, mke wa Kenneth na mshirika wake katika utafiti huohuo. Mwalimu akasimama kizimbani kuupinga utafiti wa mwanafunzi wake. Majaji, kwa kauli moja, walisema hawaoni madhara kwa upande wowote, na wakaamuru tu majengo yasawazishwe.

Kaunti ilitii amri hiyo kwa haraka ya ajabu. Shule mpya ya Moton, kubwa na ya kisasa, ilifunguliwa mwaka 1953. Fedha ambazo kwa miaka kumi hazikupatikana zilipatikana ghafla, zilipohitajika ili Mweusi na Mzungu wasikalie benchi moja. Mtu anayetaka kujua kama umaskini ndio uliozuia shule nzuri kwa watoto wa Moton na aitazame tarehe hiyo.

Rufaa ilikwenda Mahakama ya Juu, ikaunganishwa na nyingine zilizofanana nayo kutoka Kansas, South Carolina, Delaware na Washington. Kundi zima likapewa jina la kesi ya Kansas, Brown dhidi ya Bodi ya Elimu ya Topeka, na ndiyo maana dunia inamjua Brown na haimjui Davis. Lakini sehemu kubwa ya walalamikaji wote walikuwa watoto wa Farmville, na kati ya kesi hizo zote, hii tu ndiyo iliyoanzishwa na wanafunzi wenyewe. Thurgood Marshall aliongoza mawakili. Tarehe 17 Mei 1954 majaji wote tisa waliamua kwamba katika elimu ya umma kuwatenga watoto kwa rangi ni kuwanyima ulinzi sawa wa sheria.

Hapo ndipo vitabu vingi vya shule hufunga sura. Farmville ndipo sura inapofunguka.

Mwaka 1955 mahakama hiyohiyo ilitoa amri ya utekelezaji, ikataka ubaguzi uondolewe kwa mwendo wa makusudi, bila kutaja tarehe. Naiona amri hiyo kuwa kosa kubwa la majaji waliofanya tendo kubwa. Seneta Harry Byrd, aliyekuwa na Virginia mkononi mwake, alitangaza upinzani wa nguvu zote, na bunge la jimbo likatunga sheria ya kumtaka gavana afunge shule yoyote ya umma itakayochanganya wanafunzi. Gavana sasa alikuwa yuleyule Lindsay Almond. Septemba 1958 shule zilifungwa Norfolk, Charlottesville na Kaunti ya Warren, na watoto karibu 13,000, wengi wao Wazungu, wakabaki bila madarasa. Januari 19, 1959, mahakama mbili zilizitupa sheria hizo kwa siku moja: mahakama ya shirikisho kwa kutumia Katiba ya Marekani, na mahakama ya juu ya Virginia yenyewe kwa kutumia katiba ya jimbo, iliyolitaka jimbo liendeshe shule za umma. Almond akasalimu amri. Wiki mbili baadaye watoto Weusi wachache waliingia katika shule za Norfolk na Arlington, na hakuna kilichoanguka.

Lakini palibaki tundu. Jimbo lilifuta sheria ya kumlazimisha mtoto kusoma, likaziachia kaunti uamuzi. Je, kaunti ikiamua yenyewe kutotoza kodi ya shule, nani ataishurutisha?

Prince Edward ililiona tundu hilo mapema kuliko wote. Jaji wa eneo alikuwa ameipa kaunti hadi mwaka 1965 kutii hukumu. Mei 1959 mahakama ya rufaa ilitengua muda huo na kuamuru ubaguzi uondolewe Septemba ile ile. Juni, baraza la kaunti likakataa kutenga hata senti kwa ajili ya shule za umma. Minyororo na makufuli vikafungwa kwenye milango ya shule zote, za Weusi na za Wazungu. Walichoma nyumba ili mgeni asilale, baada ya kuhamisha vyombo vyao wenyewe: wakfu uliandaliwa tangu mapema, ukafungua shule binafsi iliyoitwa Prince Edward Academy, madarasa yakaanza katika makanisa na kumbi za mji, na watoto Wazungu wapatao 1,500 wakaendelea na masomo. Mwaka uliofuata jimbo na kaunti vikaanza kuwalipia ada kwa fedha za umma. Gazeti la mji, Farmville Herald, liliwahimiza wasomaji wake wasitetereke.

Watoto Weusi wapatao 1,700 hawakuwa na shule.

Nataka kukaa hapa kidogo, kwa sababu historia za mahakama hupita mahali hapa kwa sentensi moja. Mtoto aliyekuwa na miaka sita Septemba 1959, ameshonewa nguo mpya na kuahidiwa kuanza darasa la kwanza, alifika miaka kumi kabla shule yoyote haijamfungulia mlango. Aliyekuwa na miaka 14 alikuwa na 18, akiwa shambani akivuna tumbaku au kiwandani akibeba mbao. Familia zilizokuwa na ndugu mahali pengine ziliwatuma watoto Baltimore, New York, North Carolina, kwa shangazi na mababu, wengine wasirudi. Chuo cha Kittrell, cha AME, kanisa la Kimethodisti la Weusi, kilipokea makumi kadhaa ya waliokuwa sekondari. Waquaker wa American Friends Service Committee waliwatafutia wengine familia za kuwalea katika majimbo mengine, na mtoto akajikuta katika nyumba ya watu asiowajua ili tu apate kusoma. Wapo waliovushwa mpaka wa kaunti kila asubuhi, wakifundishwa kusema kwamba wanaishi kwa jirani fulani upande wa pili. Mchungaji Griffin na kina mama wa makanisa walifungua vituo vya kusomea katika vyumba vya chini vya makanisa, wakakataa kuviita shule, kwa kuwa kaunti ingesema watoto wameshapata shule. Wadogo walijifunza herufi na nyimbo. Waliobaki, na hao ndio wengi, hawakupata chochote.

Wazungu fulani wa kaunti walijitolea kuanzisha shule binafsi kwa ajili ya watoto Weusi. Karibu kila mzazi alikataa. Kukubali kungekuwa kusema kwamba kutenga kunaweza kuendelea mradi kubadilishiwe jina, na kesi ingekufa. Najua wapo waliowauliza wazazi hao, miaka mingi baadaye, kama kanuni ilistahili kununuliwa kwa elimu ya watoto wao. Mimi siwahukumu. Walioweka chaguo hilo mezani ndio wanaopaswa kuulizwa.

Septemba 1959 hiyohiyo, ndege iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81 waliokuwa wakienda kusoma vyuoni Marekani. Ndiyo safari iliyoandaliwa na Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya, na nauli yake ilichangwa kwa mwito wa watu kama Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier, Wamarekani Weusi waliojua elimu ni nini kwa aliyenyimwa. Vijana wa koloni walivuka bahari kufuata elimu ya Marekani katika mwezi uleule ambao vijana wa Virginia, raia wa Marekani, walikuta kufuli mlangoni.

Na Januari 1960, shule za Farmville zikiwa zimefungwa, Thurgood Marshall alikwenda Kenya kwa mwaliko wa Mboya, kisha London, kwenye mkutano wa katiba wa Lancaster House, kuwa mshauri wa wajumbe wa Kiafrika. Aliwaandikia rasimu ya haki za binadamu kwa katiba ya Kenya itakayokuwa huru. Alijua fika anachokiandikia: katika Kenya ya ukoloni shule zilitengwa kwa rangi, Wazungu zao, Wahindi zao, Waafrika zao, na fedha zikigawanywa kwa kiwango cha rangi. Katika rasimu ile aliweka haki ya elimu. Mwanasheria aliyeshinda kesi kubwa kuliko zote ya elimu nchini mwake, huku akiwa na wateja wa miaka saba wasio na darasa, alikuwa na sababu ya kutaka maneno hayo yaandikwe tangu mwanzo.

Kesi ya Farmville iliendelea kutambaa. Jaji wa shirikisho, Oren Lewis, aliamua kwamba kaunti moja haiwezi kufunga shule za umma wakati nyingine zote za jimbo zimefunguliwa. Mahakama ya rufaa ikamtengua. Desemba 1963 mahakama ya juu ya Virginia ikasema baraza la kaunti halina wajibu wowote wa kisheria wa kutoza kodi ya shule. Kiangazi cha mwaka huo vijana waliokwisha kukosa miaka minne ya masomo walikuwa wameingia mitaani Farmville, wakiandamana mbele ya maduka na kupiga magoti kwenye ngazi za makanisa ya Wazungu, wakakamatwa. Serikali ya Kennedy, iliyoona aibu ya taifa linalohubiri uhuru duniani likiwa na kaunti isiyo na shule, ilisaidia kupata michango ya watu binafsi, na Septemba 1963 shule za bure za muda zikafunguliwa kwa mwaka mmoja chini ya Neil Sullivan aliyetoka New York. Walimu wake walipokea watoto wa miaka kumi wasiojua kushika kalamu. Kwa mara ya kwanza katika kaunti ile, watoto Wazungu wachache mno walisoma darasa moja na Weusi.

Tarehe 25 Mei 1964, miaka kumi na siku nane baada ya hukumu ya Brown, Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi wake. Kesi sasa ilibeba jina la mmoja wa watoto wa Mchungaji Griffin. Jaji Hugo Black, mwenyeji wa Alabama, aliandika kwamba muda wa mwendo wa makusudi umekwisha, na kwamba kaunti ilifunga shule zake kwa sababu moja tu, ili watoto Weusi na Weupe wasisome pamoja. Kisha akaandika jambo lililowashtua hata wenzake wawili, ambao hawakuliafiki: jaji wa wilaya ana uwezo, ikibidi, wa kuwaamuru madiwani watoze kodi ili shule zifunguliwe.

Kaunti haikukubali kushindwa kwa heshima. Agosti 1964, usiku wa manane, baraza lilikutana na kugawa takriban dola 180,000 za ruzuku ya ada kwa wazazi wa Academy, kabla mahakama haijawahi kuamka na kuzuia. Wajumbe walitiwa hatiani baadaye kwa kuidharau mahakama. Septemba shule za umma zilifunguliwa. Karibu wanafunzi wote walikuwa Weusi. Iliwachukua Wazungu miaka mingi kurudi, na Academy haikupokea mwanafunzi Mweusi hadi miaka ya 1980. Leo ina jina jingine, na inapokea watoto wa rangi zote.

Waliokuwa watoto mwaka 1959 walizeeka. Mwaka 2003 kaunti iliwaita wale walionyimwa sekondari, ikawavika majoho na kuwapa vyeti vya heshima. Baadaye jimbo lilianzisha mfuko wa kuwasomesha, na tangu mwaka 2005 watu wenye wajukuu waliingia madarasani, wengine kumaliza sekondari, wengine kupata shahada. Sijasikia habari ya mfuko wa serikali popote uliokuwa na haki zaidi kuliko huo, wala uliochelewa kwa namna ya kuumiza kuliko huo. Wapo waliokufa wakisaini majina yao kwa alama ya msalaba.

Lakini njia niliyoifuata haiishii kwenye vyeti. Mwaka 1968 Virginia iliunda tume ya kuandika upya katiba yake. Mwenyekiti alikuwa Albertis Harrison, ambaye akiwa mwanasheria mkuu wa jimbo alisimama mahakamani kuutetea upinzani ule wa nguvu zote. Mmoja wa wajumbe alikuwa Oliver Hill, wakili aliyepita Farmville mwaka 1951 ili kuwaambia watoto warudi darasani. Mwingine alikuwa Lewis Powell, mwenyekiti wa zamani wa bodi ya shule za Richmond. Walikaa meza moja. Katiba waliyopendekeza ilikubaliwa na wapiga kura Novemba 1970, ikaanza kazi Julai 1971, na sehemu yake ya elimu imeandikwa na watu waliolijua tundu la mwaka 1959 kwa ndani: bunge la jimbo litaweka shule za bure kwa watoto wote wa umri wa kusoma, na kila serikali ya mtaa italipa fungu lake la gharama kwa kodi zake au kwa fedha nyingine. Hakuna tena baraza la kaunti linaloweza kusema halitaki.

Nje ya Virginia jambo lilibaki wazi. Mwaka 1973, katika kesi ya watoto wa mtaa maskini wa San Antonio, Texas, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura tano dhidi ya nne kwamba elimu si haki ya msingi chini ya Katiba ya Marekani, na kwamba tofauti ya fedha kati ya shule za matajiri na za maskini si jambo la mahakama hiyo kurekebisha. Aliyeandika hukumu alikuwa Lewis Powell, sasa jaji. Thurgood Marshall, naye sasa jaji, aliandika kirefu kuipinga. Jengo la mahakama la Richmond ambako watoto wa Moton walishindwa mwaka 1952 linaitwa leo kwa jina la Powell.

Nchini Kenya, haki ya elimu ambayo Marshall aliiweka katika rasimu yake ya 1960 haikuingia katika katiba ya uhuru. Iliingia mwaka 2010. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto elimu ya msingi, ya bure na ya lazima, na mzazi anaweza kwenda nacho mahakamani.